Samadi ya Garsen imenigomea, ya shemeji Mpeketoni inazaa. Kwani samadi si samadi?

Mpishi_Kakuyuni | Jumapili, saa 3 usiku

Wakulima, salaam aleikum. Mniwie radhi, swali ni refu kidogo.

Mimi si mkulima wa kuzaliwa. Miaka 19 nimesimama mbele ya jiko la hoteli moja hapa Malindi, nikiwapikia Wataliano tambi na pweza, mpaka siku hoteli ikafunga milango na kila mmoja akapewa barua yake. Kiinua mgongo ndicho nilichonunulia ekari moja na nusu Kakuyuni. Udongo ni ule mchanga mwekundu mnaoujua: ukimwaga ndoo ya maji, ukigeuka kuchukua ya pili, ya kwanza ishazama na juu pakavu. Napanda nyanya, mabilinganya, mchicha, na pilipili mbuzi za kuwasha mtaa mzima.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya masika, nilinunua kanta nzima (lile lori dogo) ya samadi kutoka zizi moja upande wa Garsen. Dalali alinisifia mpaka nikaona haya kupatana bei: ng'ombe wa Waorma, wanakunywa Mto Tana, wanakula majani ya bondeni, mzee hii ukiinusa tu unashiba. Gari, dizeli na vijana wa kupakia ikanitoka shilingi 14,000. Ilipomwagwa ilikuwa kavu, rangi ya kijivu, haina harufu. Mimi nikafurahi! Nikasema afadhali, majirani hawatalalamika. Mpishi mzima nimesahau kwamba bizari isiyonukia ni vumbi.

Nikaitandaza kwenye ekari moja kama tulivyofundishwa kwenye semina, tani 4 kwa ekari, nikaichanganya na udongo kwa jembe siku tano. Mvua ikaja vizuri. Nyanya zikatoka manjano, nyembamba, zimeinama kama mgonjwa anayesubiri zamu yake. Kilichostawi ni magugu nisiyoyajua, na miche ya mathenge, ule mti wa miiba. Tuta moja tu la mchicha nimehesabu 43. Shambani kwangu hapakuwa na mti hata mmoja wa mathenge!

Sasa kinachoniuma zaidi ni shemeji. Ndugu wa mke wangu yuko Mpeketoni, ana ng'ombe wawili wa maziwa wa kufungiwa, anawakatia majani ya nepia asubuhi na jioni. Anatia samadi kwa kipimo hichohicho, na nyanya zake mpaka azifunge kwa miti mirefu zisianguke. Akinipigia simu salamu ya kwanza ni, "Shemeji, zimefika magotini?"

Halafu juzi kijana wangu akanionyesha kwenye simu kwamba Uholanzi mkulima analipa pesa ili samadi yake ichukuliwe. Analipa aondolewe, mimi nimelipa niletewe.

Jikoni chumvi ni chumvi. Kijiko cha Malindi na kijiko cha Roma ni kijiko kilekile. Kwa nini samadi kila mahali ina bei yake na kipimo chake? Kosa langu liko wapi: ng'ombe, udongo, au mimi?

Dabi_Gongoni | Jumapili, saa 3:20 usiku

Mzee umenunua mchanga ukaulipia nauli 😂 Mchanga huku Gongoni tele, ungesema nikuletee kwa bodaboda. Weka CAN, ile mbolea ya dukani, ulale.

Mwana_wa_Witu | Jumapili, saa 4 usiku

Dabi, acha utani na mtu mzima.

Mzee wangu, mimi nimekulia nyuma ya ng'ombe, baina ya Witu na Garsen, kwa hiyo naomba kwanza niwatetee. Ng'ombe hana kosa. Zizi letu ni miiba iliyozungushwa juu ya ardhi tupu. Sakafu hakuna, paa hakuna. Ng'ombe wanatoka alfajiri, wanashinda malishoni, na kiangazi wanateremka mpaka mtoni kwa malka, ile njia ya mifugo ya kufikia maji. Kinyesi cha mchana kinabaki huko kilikoangukia, hakuna anayekifuata. Cha usiku ndicho kinachobaki zizini, kinakanyagwa kwato juu ya kwato, kinapigwa jua la kaskazi miezi mitatu, kinageuka unga.

Na sisi tunahama. Zizi ulilouziwa huenda liliachwa miaka miwili kabla dalali hajalifikia. Wazee wetu hawalimi, samadi kwao ilikuwa sababu ya kuondoka: ikijaa, inzi wakizidi, kupe wakizidi, mnafunga mizigo. Kwamba ina bei tumejua siku makanta yalipoanza kuja.

Kuhusu mathenge, usitulaumu. Nyasi zikiisha ng'ombe anakula maganda yake, ni matamu. Mbegu inapita tumboni na kutoka salama, imeshawekewa mbolea pembeni. Hukununua samadi peke yake, umenunua na kitalu.

Bibi_wa_Langoni | Jumatatu, saa 1 asubuhi

Mwanangu Mpishi, mimi ni mtu wa Amu, mato hayaoni tena, mjukuu ndiye aniandikiaye.

Hapa mui mzima samadi ni ya punda. Wafagiao ndia hukusanya asubuhi, na mwenye shamba nyuma ya mui huja na punda wake, akampakia mavi ya wenzake akayapeleke. Ya punda ni ya moto. Ukiitia mbichi kwenye mchicha, waungua.

Lakini ulilouliza ni la ng'ombe. Babangu alikuwa na ng'ombe watatu na minazi yake, na sikumbuki kumuona akichota samadi hata siku moja. Alimfunga ng'ombe chini ya mnazi usiku mbili tatu, kisha kamba yahama mnazi wa pili. Mavi na mkojo vyaingia papo hapo shinani. Mtu wa kubeba hakuna, wa kulipwa hakuna. Mwaka wa pili ukitazama juu, wajua ni mnazi upi uliolaliwa.

Nina mawili ya kukuusia. Usirundike samadi karibu na minazi ukaisahau. Yule mdudu mweusi wa pembe, chonga, hutaga humo. Funza wake weupe, wanene kama kidole gumba, hukulia ndani ya lundo, na wakishaota mbawa hupanda juu wakautoboa mnazi moyoni. Mnazi ukikatwa moyo ushakufa.

La pili ni kisima. Sisi Amu maji yetu hutoka chini ya mchanga, vile vilima vya Shela ndivyo vituwekeavyo mvua. Ukimwagacho juu ya mchanga utakinywa. Zamani mtu hakuthubutu kufunga mnyama karibu na kisima, yeo naona lundo liko hatua tatu na ndoo.

Bwana_Shamba_Mstaafu | Jumatatu, saa 5 asubuhi

Mpishi, nimefanya kazi ya ubwana shamba Kiambu, kisha Kitui, nikamalizia Lamu, kwa hiyo samadi nimeikanyaga ya kila aina. Mwana wa Witu ameshakujibu nusu. Nitajaribu iliyobaki kwa lugha ya jikoni.

Usiifananishe samadi na chumvi, ifananishe na mchuzi. Inategemea ulitia nini, na nini kilimwagika kabla haujafika mezani. Ng'ombe hatengenezi rutuba, anaihamisha tu: anaila hapa, anaiacha pale. Wa shemeji wako anakula nepia mbichi na pumba, kwa hiyo alichonacho cha kuhamisha ni kingi. Wa Garsen mwezi wa pili anatafuna nyasi kavu. Hiyo ni tofauti, ila si ndiyo iliyokuumiza.

Kilichokuumiza kwanza ni mkojo. Karibu nusu ya naitrojeni, kile chakula cha mmea, anayotoa ng'ombe hutoka kwa mkojo, na watu wote tunahesabu kinyesi tu. Shemeji ana sakafu na mabua ya kulalia, mkojo unanyweka humo na kuingia lundoni. Kwenye zizi la wazi unazama mchangani au unapaa. Ile harufu ya kuchoma pua unayokutana nayo zizini alfajiri ni naitrojeni inaondoka zake. Wewe ulifurahi samadi haina harufu kwa sababu cha kunuka kilikuwa kimeshaondoka zamani.

Kisha mchanga. Zizi halina sakafu, kwato zinachimbua, na mpakiaji akija na koleo hajui samadi imeishia wapi. Sasa tazama hesabu. Samadi kavu iliyotunzwa huwa na naitrojeni kama asilimia 1.5. Tani 4 zinakupa kilo 60. Ya zizi la mchanga inaweza kushuka hadi asilimia 0.5: tani 4 zilezile zinakupa kilo 20. Mfuko wa CAN wa kilo 50 una asilimia 26, yaani kilo 13. Kwa hiyo shemeji wako alitia kama mifuko minne na nusu, wewe mmoja na nusu, na nyote wawili mkisema "tani 4". Tena usidhani unaipata yote msimu huohuo. Sehemu kubwa imefungwa ndani, inaachiliwa kidogo kidogo misimu inayofuata. Nyanya zako zilikuwa na njaa ya kweli, hazikuwa na ugonjwa.

Semina nayo nina neno nayo. Vipimo vingi vinavyosomwa kwenye semina vilipikwa bara, kwenye udongo mzito na hewa ya baridi, ambako ukitia samadi leo utaikuta mwakani. Mchanga wa Pwani hauna subira hiyo. Joto linaiozesha upesi, na mvua ya Mei inazamisha kilichoyeyuka chini ya mizizi. Huku usitandaze mara moja ukaondoka. Tia kwenye shimo, kidogo, kila msimu, na ufunike udongo siku hiyohiyo. Faida yake nyingine kwenye mchanga wako hata si chakula, ni kushika maji. Ile ndoo yako inayozama ukigeuka itaanza kuchelewa kidogo.

Kuhusu kwa nini kila mahali wana desturi yao, nimeona mengi, nitayapitia mbiombio. Kiambu ng'ombe wanalala ndani na bado samadi haitoshi, nilikuwa nikipishana na malori yanayoleta samadi ya maboma ya Wamaasai kutoka Kajiado na Narok. Kitui wanaibeba kwa mkokoteni wa ng'ombe kiangazi, kabla ya mvua za Oktoba na Novemba, na inaishia shamba lililo karibu na nyumba. La mbali halijui samadi ni nini, na ukitembea unaliona kwa rangi ya mahindi tu. Lamu nilikuta shida nyingine kabisa: mbung'o, yule inzi anayeuma mifugo. Penye mbung'o ng'ombe anakonda na kufa kwa ugonjwa wa nagana, kwa hiyo pasipo zizi watu walilima, udongo ukichoka wakafyeka pengine. Ng'ombe wa Waorma wanaivumilia nagana kuliko ng'ombe wengine wa aina ya Boran, mpaka wataalamu walikwenda kuwachunguza ranchi ya Galana, jirani yako hapo. Na wale wanaolima ukingoni mwa Sabaki usiwaulize samadi, watakucheka. Mto ukifurika unawaletea tope la bara, bila dalali.

Nje ya Kenya ndiyo usiseme. Nyanda za juu za Ethiopia kuni ni haba, kinyesi kinapigwa mikate, kinakaushwa na kuingia jikoni kwako badala ya shambani. Niger na kaskazini mwa Nigeria mkulima akishavuna anamkaribisha Mfulani alaze ng'ombe shambani, wale mabua, waache mavi na mkojo palepale. Ni kamba ya babake Bibi wa Langoni, ila ng'ombe ni mia.

Kabla hujanunua tena fanya hivi. Chukua chupa ya kioo, theluthi yake tia samadi iliyopondwa, jaza maji, tikisa mpaka mkono uchoke, iache mpaka kesho yake. Mchanga utakaa chini, samadi juu yake. Pima kwa rula.

Mpishi_Kakuyuni | Jumanne, saa 2 usiku

Bwana Shamba, Mungu akulipe. Nilikuwa na chupa ya zeituni ya enzi za hoteli. Samadi yangu ilibaki kama magunia mawili nyuma ya banda. Nimetikisa jana, nimepima leo: kimo chote sentimita 10, mchanga 6. Mke wangu alikuja kutazama, akauliza, "Ndiyo hii ya elfu kumi na nne?" Sikumjibu.

Shemeji nimemwambia anitumie kopo moja la ya kwake kwa basi. Amecheka kwanza, halafu amekubali.

Bwana_Shamba_Mstaafu | Jumanne, saa 3 usiku

Kwa uzito ni mbaya kuliko hiyo rula inavyosema, maana mchanga ni mzito. Katika tani 4 ulizolipia, ng'ombe pengine amekupa moja.

Nyabukoba | Jumanne, saa 4 usiku

Mimi nimeolewa Malindi, nina duka la vitenge hapa mjini, lakini kwetu ni Bukoba. Huyo bwana shamba amesema neno ambalo bibi yangu angelipenda, kwamba ng'ombe anahamisha tu.

Kwetu kuna kibanja na kuna rweya. Kibanja ni shamba la migomba lililoizunguka nyumba, na rweya ni mbuga ya nyasi inayoanza pale migomba inapoishia. Ng'ombe walikwenda rweya mchana, jioni wakarudi kulala ndani, wakitandikiwa nyasi zilizokatwa hukohuko rweya. Asubuhi kazi yetu sisi wasichana ilikuwa kuzoa yale matandiko yaliyolowa na kuyapeleka chini ya migomba. Hakuna kitu kilichoachwa. Mgeni akipita anaona kibanja cheusi kimeshiba, anasema Wahaya wamejaliwa udongo mzuri. Hawakujaliwa. Ni udongo uleule wa rweya, tofauti ni miaka mingi ya kubeba. Rweya ndiyo iliyolipa: inakonda ili kibanja kinenepe. Wazee walisimulia kwamba sotoka, ile tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890, ilipowamaliza, migomba nayo ilianza kushuka.

Na Ukara, kile kisiwa kidogo upande wa Ukerewe, wamewazidi wote. Watu ni wengi, ardhi hakuna, ng'ombe anakaa ndani ya shimo nyumbani, analetewa majani, na samadi yake inajaa chini ya miguu yake mpaka siku ya kutolewa kwenda kwenye uwele.

Kwa hiyo kaka yangu Mpishi, ukiuliza samadi ya Garsen imepungukiwa nini, mimi nauliza: nani aliikusanya? Kwetu mtu akisema samadi anamaanisha kazi. Ya Garsen haikufanyiwa kazi na mtu, imeokotwa tu.

Mwana_wa_Witu | Jumanne, saa 4:15 usiku

Dada, kuchunga nako ni kazi 😅

Nyabukoba | Jumanne, saa 4:18 usiku

Ni kazi mdogo wangu, sijakataa. Ila wewe unamfanyia kazi ng'ombe. Samadi hujaifanyia.

Mtoto_wa_Maweni | Jumatano, saa 12 jioni

Nimeona mmeitaja Uholanzi. Mimi ni mtoto wa Maweni hapo Malindi, nimeoa huku, naendesha trekta la mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa. Hiyo kazi ya kumwaga samadi ni yangu, kwa hiyo niulizeni mimi.

Huku si vumbi wala si gunia, ni uji. Ng'ombe wanasimama juu ya sakafu ya matundu, kinyesi na mkojo vinaanguka pamoja kwenye tangi chini yao. Haipotei tone. Tukiupeleka shambani hauruhusiwi kurushwa hewani, mashine ina visu vinavyopasua ardhi na kuuingiza humo. Msimu wa baridi ni marufuku kabisa kumwaga, tunaulimbikiza mpaka Februari, na mwezi huo wa mwisho tangi likikaribia kujaa bosi wangu halali.

Kwa nini alipe uondolewe? Kuna sheria ya Ulaya ya 1991 ya kulinda maji yasiingiwe na nitrati, ile naitrojeni inayoyeyuka. Inasema kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka, basi. Waholanzi walikuwa na ruhusa maalumu ya kuzidisha, ikapunguzwa mwaka hadi mwaka mpaka ikakoma mwisho wa 2025. Ukiigeuza kwa ekari ni kama kilo 69. Kwa hesabu ya Bwana Shamba, shemeji wa Mpishi na kilo zake 60 anakaribia ukomo wa Ulaya akiwa na ng'ombe wawili! Bosi wangu ana zaidi ya mia na ardhi haimtoshi, kwa hiyo inayozidi inaondoka na lori na yeye ndiye anayelipa.

Na inazidi kwa sababu hiyohiyo ya dada wa Bukoba. Ng'ombe wa huku halishwi na shamba la huku pekee. Soya yake inakuja kwa meli kutoka Brazil. Rweya ya Uholanzi iko ng'ambo ya bahari, chakula kinakuja na meli, mavi hayarudi na meli. Na sehemu tunayolima sisi ni ya mchanga, mchanga kama wa Kakuyuni, ule ule wa kupitisha kila kitu. Bibi wa Langoni amewaambia bure kitu ambacho huku kimeandikiwa sheria na faini.

Nikikumbuka Malindi tulivyokuwa tukigombania gunia moja la samadi ya mbuzi kwa ajili ya mchicha wa mama, halafu natazama tangi hili, wallahi nacheka peke yangu kwenye trekta.

Dabi_Gongoni | Jumatano, saa 1 usiku

Sasa nimeelewa. Lakini mzee bado hajatuambia atafanya nini.

Mpishi_Kakuyuni | Jumapili, saa 2 usiku

Nimerudi, wiki ilikuwa ndefu.

Kopo la shemeji lilifika Alhamisi. Kondakta aliniuliza ni chakula gani kinachonuka hivyo. Nimetia kwenye chupa ya pili ya zeituni, na mchanga wake chini ni mwembamba kama ukucha. Nimeziweka chupa mbili dirishani, kila mgeni anayekuja lazima ahadithiwe.

Jana nimepanda gari la Garsen na chupa yangu mkobani. Mwana wa Witu alinielekeza kwa ami yake, mzee wa makamo, hana maneno mengi. Nikaitikisa mbele yake, tukakaa kivulini kungoja itulie, akaniletea maziwa. Alipoona ule mchanga akasimama akanichukua mpaka zizini, akachimba kwa fimbo yake sehemu mbili. Ukingoni, kwenye miiba, samadi ilikuwa unene wa vidole viwili, chini mchanga mtupu. Katikati wanapolala ng'ombe wakubwa fimbo ilizama mpaka kiganja na nusu, samadi nyeusi, ina unyevu, na harufu nikaisikia! Akasema vijana wa dalali hulipwa kwa gari likijaa, kwa hiyo huanzia ukingoni, karibu na mlango, na koleo wanalipeleka chini mpaka gari lijae. Yeye mwenyewe hajawahi kuulizwa na mtu achimbe wapi.

Tumekubaliana hivi. Nitachukua magunia, si kanta. Yachimbwe katikati tu, mimi nikiwepo, na bei ya gunia ni yake moja kwa moja. Nitayarundika kwa tabaka na majani mabichi, nilowanishe, nifunike kwa makuti mpaka vuli. Bwana Shamba amenipigia simu, amesema lundo likipata moto wa nyuzi 55 na kupanda, nikaligeuza likapata tena, magugu mengi yatakufa, lakini mathenge ni mkaidi, nimng'oe akiwa na majani mawili. Na kuna jamaa wa mbuzi na ng'ombe wachache anayepita Kakuyuni kila kiangazi akitafuta mabua. Miaka yote nimekuwa nikimfukuza. Safari hii nitamkaribisha alale kwenye robo ekari ya nyuma tuone.

Sakafu ya banda nitaanza na ng'ombe mmoja, inshallah, pesa ikiruhusu. Shemeji ameahidi mbegu ya nepia, na bado anauliza magoti.

Dalali hapokei simu zangu.

Bibi wa Langoni, nilisahau. Yale magunia mawili nyuma ya banda yako hatua kumi na mnazi wangu wa pekee. Leo asubuhi nimeyamwaga nikayachambua kwa reki. Funza weupe kumi na wanane, wanene, wamejikunja kama kamba wa kukaanga. Kumi na saba wameliwa na kuku wa mke wangu. Wa kumi na nane nimemtia kwenye chupa ya tatu ya zeituni, nikija Amu kwa Maulidi nitakuletea mjukuu akutazamie kama kweli ndiye.